Ufunguo wa Mama Pacha

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimejifungia chumbani ili dada yako asije akaanza kutoa maoni. Unauliza, mkirudi mkajenge kwenye kile kiwanja cha babako hapa Likoni, mke wako ambaye ni mtu wa bara atakaa kwa raha? Au mpange nyumba Nyali, upande wa pili wa Mombasa, muwe mnavuka kwa feri kuja kunisalimia Jumapili? Nimeona nikuandikie. Kwenye simu unanikatiza, na tabia hiyo najua umeitoa wapi.

Mtaa umejaa kuliko ulivyouacha. Mbele yangu pamesimama ghorofa tatu. Chini kuna fundi cherehani Mkamba na Mdigo mwenzetu auzaye viazi karai, katikati kuna familia ya Kijaluo na Msomali mwenye duka, juu kabisa wasichana wawili wa Kisii wanaofanya kazi kwenye hoteli za Diani. Alfajiri nasikia adhana, kisha redio ya injili, kisha mtoto wa fundi akilia kwamba uji una moto. Msichana mmoja wa Kisii huniachia ufunguo wake kila asubuhi, ati mletaji wa gesi asikute pamefungwa.

Nawe unajua ninavyosema kuhusu ufunguo. Nimewaambia tangu mkiwa wadogo: jirani ni mtu unayemwachia ufunguo. Kuombana chumvi si ujirani, chumvi hata mtu mliyenuniana atakupa. Ila sijawahi kuwaambia maneno hayo niliyatoa wapi.

Mama Pacha unamkumbuka? Huenda unawakumbuka mapacha wenyewe tu, mliokuwa mkigombania lile gurudumu la baiskeli. Walikuwa watu wa Siaya, nyumba yao na yetu ukuta kwa ukuta. Ijumaa ile ya tarehe 29 Aprili 1994, MV Mtongwe ilipopinduka asubuhi, babako alikuwa ametoka mbio kukiwahi kivuko hichohicho. Walikufa watu 272. Nilishuka ufuoni wewe ukiwa mgongoni, na Mama Pacha akanifuata bila kuitwa, mikono bado ina unga, alikuwa akikanda chapati. Unga ukamkaukia vidoleni mpaka ukapasuka. Kila mwili ulipotolewa alitangulia yeye kutazama, halafu ananirudia akitikisa kichwa. Mimi sikumtazama hata mmoja.

Jua linazama, namwona babako anakuja kwa miguu kutokea upande wa feri ya Likoni, na changu wawili kwenye mfuko. Kumbe alirudi nusu ya njia kutafuta kitambulisho chake cha bandarini, kivuko kikamwacha, akazunguka kwa feri ya Likoni, akafanya kazi kutwa nzima. Simu za mkono hatukuwa nazo. Ati alidhani sisi tunajua kwamba amechelewa! Nilimzaba kofi mbele ya umma wa watu. Mama Pacha akacheka mpaka akakaa chini mchangani, na samaki wale akawapika yeye, kwa sababu mikono yangu ilikuwa haishiki kisu.

Sasa nasogea kwenye lile nisilopenda.

Usiku wa Jumatano, 13 Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari sita wakauawa na bunduki zikachukuliwa. Vibanda vikachomwa. Vikaratasi vya kuwaambia wabara warudi kwao vilikuwa vikizunguka. Asubuhi Mama Pacha akaja mlangoni, pacha mmoja kila mkono, anakimbilia kanisa Katoliki walikokwenda maelfu ya wenzake. Akanipa ufunguo wa kufuli. "Nitarudi Jumapili," akasema. Sikumwambia akae kwangu. Hilo nimeliandika haraka nisije nikalifuta.

Usiku uliofuata wakaja. Mlango wake ulikuwa wa mninga, mumewe aliulipia miezi minane. Nikasikia shoka la kwanza, la pili. Mmoja akauliza kwa mzaha ni nani mwenye ufunguo, wenzake wakaangua kicheko. Sauti ile niliijua. Kijana yule alifuturu kwetu mwezi mzima wa Ramadhani mwaka uleule, kwa mkono wangu. Simtaji. Siku hizi ni mtu mzima, ana mjukuu, na tukikutana ananiamkia kwa heshima zote.

Sisi tulikuwa chini ya kitanda. Babako amenishika kifundo cha mkono, wewe uko katikati yetu. Ufunguo ulikuwa kwenye pindo la leso yangu, na leso nimeifumbata. Kulipokucha mabati hayapo, madirisha hayapo, mlango wenyewe haupo. Kufuli lilikuwa limebaki mchangani na pete zake mbili, limefungwa vilevile.

Babako, Mungu amrehemu, alikuwa akiniambia: ulitaka tutoke na nini, mwiko? Bunduki za serikali ziko mikononi mwa wahuni, wewe utoke na mwiko. Ni kweli. Lakini mimi siwazi mwiko. Nawaza kwamba ningemwita yule kijana kwa jina lake, nikaongeza na la mamake, kwa sauti, kutokea palepale chini ya kitanda. Huenda angeona haya. Huenda wangekuja na kwetu. Nimelipima jambo hili miaka yote na mizani haijatulia. Siku nikiwa na homa babako ndiye mkweli, siku nikiwa mzima wa afya ni mimi.

Na usidhani siujui uchungu wa vijana wetu. Mtu amezaliwa hapa, babu yake kazikwa hapa, na hana karatasi ya futi moja ya ardhi. Lile shamba la Waitiki hapa Likoni, la ekari 930, limetugombanisha miaka mingapi kabla ya hati kuja kugawiwa mwaka 2016? Uchungu ulikuwepo. Wenye siasa wakauokota kama kuni kavu, na uchaguzi ukiwa Desemba uleule. Lakini Mama Pacha alikuwa na ekari ngapi? Alikuwa na vyumba viwili vya kupanga, na mlango.

Mwaka wa pili serikali ikaunda tume ya Jaji Akiwumi kuuliza yaliyotokea sehemu zote za nchi. Wapo waliokwenda kusema. Mimi nilikuwa na mguu, unakumbuka ule mguu. Ulikuwa unauma kweli. Haukuwa unauma kiasi hicho.

Alirudi, lakini si Jumapili. Ilikuwa baada ya miezi minne, na kaka yake, kwa pikapu. Nikaufungua ufunguo kwenye leso nikampa. Akauangalia, akaiangalia ile nyumba isiyo na mlango, akaniuliza taratibu, "Hamkusikia?" Nikamwambia hatukuwepo. Nikasema tulikuwa tumekwenda Msambweni, mazishini. Nikamtaja na maiti.

Nawe, mtoto wa miaka sita, ukanivuta gauni ukasema, "Mama, si tulikuwa chini ya kitanda?"

Hakucheka safari hii. Alikutazama wewe, si mimi, akakupapasa kichwa. Ufunguo akautia kwenye pochi, akapanda gari. Maji nilikuwa nimeshamtilia kwenye kikombe, yakabaki pale. Sijui alikwenda kuufungulia nini.

Kwa hiyo unaponiuliza kama mkaza mwanangu atakaa kwa raha, mimi nalisikia swali jingine: usiku ule ukirudi, nani atatoka? Wewe hujauliza hivyo, najua. Umeuliza habari za maji ya mfereji, shule, na kama watu watamnong'ona. Maji ni ya shida, shule zipo. Kunong'onwa atanong'onwa, hata mimi nilipoolewa nikitokea Ng'ombeni, mwendo wa muda mfupi tu na kabila moja, nilinong'onwa miaka miwili kwamba wali wangu una mawe.

Nyali nako, sina ubaya nako. Kuna kuta ndefu na askari getini. Dada yako ana rafiki kule, miaka mitano hajui jina la mtu wa nyumba ya pili. Anamwachia askari ufunguo, na askari hubadilishwa kila mwezi. Nyumba yake haijawahi kuguswa, niseme ukweli. Haijawahi. Hapo ndipo maneno yangu yanaponisuta, maana ufunguo wa Mama Pacha ulikuwa kwangu mimi, mtu aliyesimama naye ufuoni kutwa nzima, na tazama.

Unataka niseme njooni au msije. Limenifika kwenye ulimi tangu ukurasa wa kwanza, na unalijua, maana najenga banda la kuku ukubwa wa kutosha watu wanne. Lakini silisemi. Nikisema njooni, siku ya balaa nitakuwa nimemwita mimi. Nikisema msije, nitakuwa nimekubaliana na wale wa vikaratasi. Atakayekaa hapa ni mkeo, naye macho anayo. Mlete akae nami wiki mbili, bila wewe. Wewe ukiwepo watu watamchekea kwa ajili yako.

Mje siku ya kazi, asubuhi imekwisha poa. Jioni na Jumamosi foleni ya feri inakera. Teremkeni kwenye gari mvuke kwa miguu, wa miguu halipi, na nataka avuke amesimama na watu. Mwambie asilete zawadi kubwa. Leso moja itatosha, hii yangu pindo limechanika.

Na unijibu moja, tena kwa maandishi, usinitumie sauti. Yale maneno uliyomwambia Mama Pacha, ulikuwa ukiyakumbuka siku zote ukaninyamazia, au umeyajulia humu?

Mamako