Wanajuaje kinachozama bahari ya barafuni?

Mdogo wangu, umeuliza watu wanajuaje kiasi cha mwani kinachozama kwenye bahari za ncha za dunia wakati hakuna anayekaa chini kukihesabu. Sisi huku Mwanza tukichota maji ya ziwa yenye tope tunakoroga shabu kidogo. Asubuhi unakuta uchafu umeshikana, umelala kwenye kitako cha ndoo. Thoriamu-234, metali yenye mionzi iliyomo baharini, nayo hushuka na chembe, kama za mwani, hivyo hivyo. Inazaliwa na urani-238, metali nyingine yenye mionzi, iliyoyeyuka kwenye maji ya chumvi, ila yenyewe haikai majini, inanata kwenye chembe na kuzama nazo. Isingezama, mionzi yake ingelingana na ya urani. Basi wanapima pengo kati ya hizo mbili: likiwa kubwa, chembe nyingi zimezama. Na kwa kuwa nusu yake huisha kila siku 24 hivi, pengo hilo linasimulia wiki chache zilizopita tu. Hesabu nzuri mno! Kule Antaktika mwani ukistawi kiangazi, pengo hupanuka. Katikati ya Aktiki, chini ya barafu, chembe ni chache na thoriamu nyingi hubaki. Ziwani kwetu njia hii haifai, maji yasiyo na chumvi yana urani kidogo sana. Umri wa tope la chini hupimwa kwa risasi-210, aina ya madini ya risasi yenye mionzi.