Pointi 60 na Pointi 35: Nani Mshambuliaji Bora?

SWALI: Katika timu yetu ya hoki ya barafuni, mshambuliaji wa safu ya kwanza (washambuliaji hupokezana kwa safu za watatu watatu, ya kwanza ikicheza zaidi) amemaliza mechi zote 82 na pointi 60, 22 kati yake timu ikiwa na mtu wa ziada. Wa safu ya tatu ana 35, na moja tu ya aina hiyo. Shemeji yangu anashikilia kwamba huyu wa pili ndiye mkali. Yawezekana?
Msomaji, Edmonton, Kanada

JIBU: Yawezekana. Pointi, yaani jumla ya magoli na asisti, hazisemi mtu alipewa dakika ngapi wala alicheza na nani. Kwanza toa pointi zilizopatikana mpinzani akiwa kwenye benchi la adhabu, maana nafasi hizo hugawiwa na kocha. Wanabaki na 38 na 34. Kisha tafuta dakika zao za watano kwa watano, yaani timu zote mbili zikiwa kamili. Tuseme wa kwanza hucheza 15 kwa mechi: mara 82 ni dakika 1,230, yaani saa 20.5. Wa pili akipata 12, ni saa 16.4. Gawanya: wa kwanza ana pointi 1.85 kwa saa, wa pili 2.07. Mshambuliaji anayefika 2 kwa saa anastahili safu ya kwanza ya timu nyingi za NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, kwa hiyo shemeji ana hoja.

Asishangilie mapema, lakini. Safu ya tatu mara nyingi hupambana na mabeki dhaifu zaidi wa mpinzani, huku ya kwanza ikikabwa na walio bora. Wapo pia makocha wanaoifanya safu ya tatu kuwa ukuta: huanzishia mchezo karibu na lango lao wenyewe, dhidi ya nyota wa upande wa pili. Mchezaji wako akiwa wa kundi hili, 2.07 yake ina thamani kubwa mno. Akiwa wa lile la kwanza, tegemea ipungue atakapopandishwa.

SWALI: Nitajuaje kama mtu anabebwa na wenzake?

JIBU: Mfano maarufu ni Jonathan Cheechoo wa San Jose Sharks. Msimu wa 2003-04 alifunga magoli 28. Mwishoni mwa Novemba 2005 Joe Thornton, fundi wa pasi, aliletwa kutoka Boston, na Cheechoo akamaliza msimu ule na 56, akiongoza ligi nzima. Uliofuata akapata 37, kisha 23. Watu humtaja kama ushahidi wa kubebwa, ila tuwe waadilifu: alipoanza kushuka Thornton alikuwa bado yupo. Mwenzake anaeleza kupanda kwake; kushuka kuna majeraha ndani yake.

Kwa mchezaji wako, linganisha pointi zake kwa saa akiwa na nyota wa safu na akiwa bila yeye. Tovuti ya Natural Stat Trick inatoa takwimu hizo bure. Upande wowote wenye dakika chini ya 200 hivi usiutegemee, kwani magoli mawili ya bahati hugeuza picha yote. Halafu tenganisha asisti. Goli moja linaweza kuwa na mbili, na ile ya pili huenda kwa aliyegusa paki (kisahani kinachochezewa) mapema zaidi, wakati mwingine nyuma kabisa, hivyo haisemi mengi juu yake. Mwisho, hesabu magoli yote ya timu akiwa uwanjani, uone amehusika katika mangapi. Washambuliaji wengi huwa kati ya asilimia 60 na 70. Aliye na 45 katika safu inayofunga sana anastahili maswali.

SWALI: Mshambuliaji William Karlsson alifunga magoli 6 akiwa timu ya Columbus, mwaka uliofuata 43 akiwa Vegas. Ipi ndiyo idadi inayoonyesha uwezo wake wa kweli?

JIBU: Hakuna hata moja. Columbus alicheza dakika 13 hivi kwa mechi safu za chini. Vegas, msimu wa 2017-18, zaidi ya 18 pamoja na Jonathan Marchessault na Reilly Smith. Jukumu lilibadilika kweli. Lakini magoli 43 kwa mashuti 184 ni asilimia 23.4, karibu mara mbili ya kawaida ya mshambuliaji. Msimu uliofuata alipata 24. Ukitaka kukadiria magoli yake yajayo, chukua mashuti ya jukumu lake jipya, uzidishe kwa asilimia ya mashuti yake yaliyokuwa magoli katika misimu yote, si ya mmoja.