Vifaranga wa wiki 3 kulala nje: bado mapema bila joto

Wiki 3 bado ni mapema kuwalaza nje bila chanzo cha joto. Manyoya kamili hukamilika wiki ya 5 au 6. Kabla ya hapo manyoya laini waliyo nayo hayawezi kutunza joto. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka ufike 21. Pima pale wanapolala, kipimajoto kikiwa usawa wa mgongo wao, siyo ukutani.

Ukiwatoa nje pamoja na taa ya joto, wahamishe asubuhi, ili giza likiingia wawe wameshajua joto liko wapi. Ziba upepo wa chini kwa ubao au kadibodi ya sentimita 45 hivi, lakini juu acha hewa ipite. Pembe za banda zizungushie kadibodi ziwe duara, maana wakipata baridi hurundikana pembeni na wa chini hukosa pumzi.

Taa ifunge kwa mnyororo, usiitundike kwa waya wake wa umeme: ikidondoka kwenye maranda makavu ni moto. Jiko la mkaa ndani ya banda lililofungwa, tafadhali usiweke. Ile hewa yake ya sumu haina harufu.

Kisha wachungulie usiku. Wakilia kwa sauti kali na kubanana chini ya taa, ni baridi. Wakihema midomo wazi, mabawa yametanuliwa, inua taa.

Na kifaranga aliyelowa mkaushe kwanza.