Washindani wanapokaa meza moja: kwa mnaoanza kazi ya miradi ya pamoja

Ukipewa faili la mkataba wa utafiti wa pamoja, ruka utangulizi wenye maneno matamu. Anza na vifungu viwili: nani analipa nini, na nani atamiliki kitakachopatikana. Sababu ya kampuni hizo kukutana utaikuta humo.

Wageni huwa nawapa kisa cha SEMATECH, muungano wa utafiti wa watengenezaji wa chipu. Mwaka 1987 kampuni 14 za chipu za Marekani, zikiwemo Intel, IBM na Texas Instruments, ziliungana baada ya Wajapani kuzizidi kwenye soko la chipu za kumbukumbu. Serikali ilitoa takriban dola milioni 100 kwa mwaka, nazo zikachanga kiasi kama hicho. Sheria ya 1984 ilikuwa tayari imezipunguzia hofu ya kushtakiwa kwa kula njama dhidi ya ushindani.

Woga na fedha viliwakutanisha, ila siri hazikutoka. Wazo la kubuni pamoja mbinu za uzalishaji lilikwama, maana mbinu hizo ndizo kila kampuni ilizitegemea kumshinda mwenzake. Wakageukia mashine, ambazo wengi wao walizinunua kwa watu wengine: wakawasaidia watengenezaji wake kuziboresha. Kwangu hapo ndipo penye somo. Washindani hushirikiana vizuri zaidi kwenye kile ambacho hakuna kati yao anayekiuza. Mwaka 2012 Intel, TSMC na Samsung, mahasimu hao, walichangia utafiti wa ASML ya Uholanzi, inayotengeneza mashine za kuchapia chipu, kwa sababu hiyohiyo.

Pfizer na BioNTech, kampuni za dawa, ni habari nyingine: BioNTech alikuwa na teknolojia ya chanjo ya mRNA, Pfizer viwanda na uzoefu wa majaribio makubwa. Walikuwa wameanza na chanjo ya mafua mwaka 2018, hivyo Korona ilipoingia hawakuanza kujuana upya.

Kazini kwako sasa. Kabla ya kikao cha kwanza cha kitaalamu, orodhesha kwa maandishi ujuzi na hataza (haki za uvumbuzi zilizosajiliwa) mnazokuja nazo, weka tarehe, pande zote zitie saini. Bila hivyo, baada ya miaka miwili kila upande utadai wazo lilikuwa lake. Usishangae wahandisi wakileta grafu zilizofutwa namba ili kulinda siri. Mwulize bosi wako namba zipi mnaruhusiwa kuonyesha. Na mtu akianza kuzungumzia bei au wateja, hata wakati wa chai, mkatize, maana hapo ndipo mnapoweza kushtakiwa kwa kula njama. Akiendelea, toka, na uhakikishe kutoka kwako kumeandikwa kwenye muhtasari.