Naisikiliza Nikiwa Nimekaa, Sifanyi Kitu Kingine

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: ni muziki gani unausikiliza tangu mwanzo hadi mwisho bila kufanya kitu kingine, na kwa nini? Jibu langu ni muziki wa filamu ya Koyaanisqatsi, uliotungwa na Mmarekani Philip Glass. Nyimbo za kwaya nazipenda, dansi la zamani nalipenda, lakini hayo yote naweza kuyasikiliza huku napiga pasi au nachambua mchele. Huu siwezi. Ukiuacha ulie tu chumbani wakati wewe una shughuli zako, utasikia kitu kimoja kinajirudia mpaka kichwa kiume, na utauzima. Wengi wanaosema unachosha wameusikia hivyo.

Filamu yenyewe ni ya mwaka 1982, na mwongozaji wake ni Godfrey Reggio. Haina waigizaji, haina mazungumzo, haina msimulizi. Ni picha za majangwa, mawingu, barabara kuu, viwanda na umati wa watu mijini, nyingine zimeharakishwa na nyingine zimepunguzwa mwendo. Jina lake limetoka katika lugha ya Wahopi, wenyeji wa asili wa Arizona, na maana yake ni maisha yaliyopoteza mizani. Kwa kuwa hakuna anayesema, muziki ndio unaobeba hadithi. Mtoto wa dada yangu anayesoma Arusha aliniletea muziki peke yake kwenye flashi, kwa hiyo niliufahamu kwa masikio kabla sijaiona picha hata moja. Nashukuru ilikuwa hivyo.

Unaanza na kinanda, sauti za chini sana, mstari mfupi unaozunguka na kuanza upya. Juu ya mstari huo inaingia sauti ya mwanamume, Albert de Ruyter, ikilitamka jina la filamu kwa noti moja tu, chini kabisa, mahali ambapo wengi wetu sauti hugeuka pumzi. Analirudia. Kinanda kinazunguka. Analirudia tena.

Hapo ndipo nilipokamatwa, na sababu ni kwamba mimi naimba sauti ya nne, yaani besi, katika kwaya ya usharika wetu hapa Moshi. Watu wa sauti ya kwanza wamepewa wimbo wenyewe, ule ambao waumini wanaondoka nao mdomoni. Sisi tunapewa do na kuambiwa tukae hapohapo. Kijana akihamishiwa besi, siku za mwanzo hunung'unika kwamba hana cha kuimba. Mwache akae. Siku moja atakuwa ameshika do yake, walio juu wako kwenye mi na so, halafu wao wanapanda kwenda fa na la, na yeye hajasogea. Lakini do yake si ile tena. Ilikuwa imetulia nyumbani, sasa inangoja kitu. Hakubadilisha chochote, na kila kitu kimebadilika. Ukishayasikia hayo kutoka ndani, huwezi tena kumwambia mtu kwamba noti inayorudiwa ni noti ileile.

Muziki huu wote umejengwa juu ya jambo hilo. Katikati ya miaka ya 1960, Glass akiwa Paris, alifanya kazi na Ravi Shankar, bingwa wa sitari kutoka India, na kupitia muziki wa Kihindi akapata njia ya kujenga mdundo kwa kuongeza vipande vidogovidogo. Jaribu kuimba: do mi so, do mi so, do mi so. Sasa ongeza mbili: do mi so do mi, do mi so do mi. Mguu uliokuwa unahesabu tatu umepotea njia. Rudia hiyo mara kadhaa mpaka mguu uzoee, kisha punguza noti moja. Kwenye karatasi ni kitu kidogo mno. Masikioni, kama umekaa na kuufuata tangu mwanzo, kila noti iliyoongezwa unaiona ikiingia mlangoni. Kama ulitoka kwenda kufunika sufuria, umeikosa, na unaporudi unasikia "vilevile".

Sehemu ninayoipenda kuliko zote inaitwa The Grid. Katika rekodi iliyofanywa upya mwaka 1998 ina dakika 21 hivi. Inafunguliwa na tarumbeta na tromboni zinazovuta sauti ndefu, polepole, kwa uzito. Sisi tuliokulia katika sharika za Kilimanjaro, ambako matarumbeta hupigwa kwenye sikukuu na kwenye mazishi, hatuhitaji kufafanuliwa sauti hiyo. Kisha kasi inaanza kupanda. Kinanda cha umeme kinashika mzunguko wa besi na hakiuachii, na waimbaji wanaingia kwa silabi za haraka zisizo na nafasi ya pumzi. Kwenye kwaya yetu tungepokezana: huyu anavuta hewa, jirani anashikilia, wala sijui kama tungefika mwisho. Kwenye filamu, sehemu hiyo ina taa za magari zinazotiririka usiku, watu wakimiminika kwenye ngazi za umeme, mashine za viwandani. Bila picha inatisha zaidi. Unasikia kasi bila kujua kinachokimbizwa.

Ipo pia sehemu ya Pruitt-Igoe, iliyopewa jina la mtaa wa majengo 33 ya ghorofa kule St. Louis, Marekani, ambao ulianza kubomolewa mwaka 1972. Ni fupi kuliko hiyo nyingine, na kwa ukali inaishinda.

Mwalimu wetu wa kwaya hakubaliani nami. Anasema wimbo lazima uwe na mahali unapokwenda, beti zikupeleke kwenye kiitikio, na huu hauna kiitikio. Namheshimu sana mwalimu, amenifundisha nota zote ninazozijua. Lakini mwalimu huyohuyo, kwenye harusi, sebene likianza hakai chini. Magitaa yanazungusha kipande kimoja kwa dakika nyingi na hakuna anayeuliza kiitikio kiko wapi, kwa sababu mwili una kazi ya kufanya. Glass anauondoa mwili kwenye kucheza na kuyaachia masikio kazi yote. Masikio yetu yanaiweza. Tumeyalea kwenye ngoma, kwenye dansi na kwenye mapambio yanayorudiwa mpaka kanisa zima limesimama. Sikubali mtu aniambie kwamba huu ni muziki wa Wazungu na sisi hatuna pa kuushikia.

Mwishoni kwaya inaimba unabii wa Wahopi kwa lugha yao, na filamu inaonyesha maana yake kwa maandishi. Mmoja unasema kwamba tukichimba vitu vya thamani kutoka ardhini, tunajiitia maafa. Kwa anayeishi karibu na Mererani, ambako watu wamefia mashimoni wakitafuta tanzanite, maneno hayo si ya mbali hata kidogo.

Kwa atakayependa kujaribu: rekodi ya kwanza, ya mwaka 1983, ina dakika 46 hivi, na The Grid imefupishwa. Wapo wanaoisifu kwa sababu ni ile ya wakati wa filamu. Mimi nasema chukua ya 1998, yenye zaidi ya dakika 70, kwa kuwa muziki wa namna hii ukiukata umeondoa kile kinachoufanya ufanye kazi, yaani muda. Tumia hedifoni, maana spika ya simu haina besi, na bila besi hakuna kitu hapo. Pakua mapema bando likiwepo, usitegemee mtandao, kwa sababu ukikatika katikati itabidi uanze upya kabisa.

Na kama hizo dakika zote unaziona nyingi kwa kuanzia, anza na The Grid peke yake. Ndiyo niliyomwekea mwalimu wa matarumbeta wa usharika wetu. Aliisikiliza yote, kisha akaomba turudie zile dakika za mwanzo za tromboni, na sasa anatafuta namna ya kuziandika kwa vijana wake.