Rafiki yangu kwenye kitabu

SWALI: Jambo Mama. Niko na miaka 19, ninaishi Birere, Goma. Ninaandika riwaya juu ya marafiki wawili. Mmoja anamnyang'anya mwenzake mchumba. Ni kisa changu. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, rafiki huyo alimbeba mdogo wangu mgongoni hadi Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Sasa nimekwama: kila nikimwandika, anatoka shetani tu.

JIBU: Binti yangu, umekwama kwa sababu wewe umejifanya malaika. Malaika wanachosha. Tena, habari ya mdogo wako umeipa sentensi moja! Hapo kuna sura nzima: mbingu nyekundu, magodoro vichwani, huyo rafiki anayelia miguu bila kumshusha mtoto. Msomaji akishampenda, ndipo usaliti utamuuma. Yule kijana mchumba mpe kurasa mbili, zinamtosha.

Mimi, nikiwa msichana Kadutu, kule Bukavu, niligombana na rafiki yangu juu ya kitenge cha kuazima. Nilichelewa sana kujua kwamba nilimwonea wivu tangu zamani. Andika na wivu wako.

Jina la rafiki yako libadilishe, na mtaa pia. Goma ni ndogo.