Maswali ya Wasomaji: Duara limepungua, kosa ni la nani?

SWALI: Tangu tufungue kopo jipya la unga wa agari ya Mueller-Hinton (chakula cha kuoteshea bakteria), karibu kila E. coli ya mkojo inatoka sugu kwa jentamaisini. Madaktari wameanza kuuliza. Wagonjwa wamebadilika au ni sisi? (Mteknolojia maabara, Singida)

JIBU: Muulize kwanza E. coli ATCC 25922, bakteria wa udhibiti ambaye majibu yake yanajulikana. Kwa diski ya jentamaisini ya mikrogramu 10, duara lake (eneo la kuzunguka diski ambako bakteria hawaoti) liwe kati ya milimita 19 na 26. Likisoma 16, majibu ya siku hiyo yasitoke, hata wodi wakipiga simu mara tano.

Kwa kuwa shida imeanza na kopo jipya, shuku sahani za agari. Agari iwe na kina cha milimita 4, yaani kama mililita 25 kwa sahani ya milimita 90, ikimiminwa juu ya meza iliyo sawa. Wengi humimina kwa macho. Ikizidi unene, dawa huzama chini badala ya kutambaa pembeni, duara husinyaa na bakteria anayesikia dawa huonekana sugu. Ikiwa nyembamba, kosa hugeuka: aliye sugu hupita kama anasikia, na hilo ndilo baya zaidi kwa mgonjwa. Kata sahani moja katika kila mkupuo, upime kwa rula.

Kisha pima pH, ambayo iwe 7.2 hadi 7.4. Ikishuka, jentamaisini hudhoofika ilhali tetrasaiklini hupata nguvu. Kwa hiyo ukiona duara la moja limepungua na la nyingine limepanuka kwenye sahani ileile, usihangaike na diski.

Vipi kama maduara yote yamesinyaa pamoja? Hapo tazama ukungu wa bakteria katika majimaji unayopaka. Kiwango ni 0.5 McFarland (kipimo cha ukungu huo), karibu bakteria milioni 150 kwa mililita. Tikisa kwanza mrija wa kiwango, maana chembe zake hutuama, halafu linganisha mbele ya kadi nyeupe yenye mistari myeusi. Paka sahani ndani ya dakika 15, weka diski ndani ya 15 nyingine, na iingie inkubeta ya nyuzi 35 kabla ya 15 za tatu kwisha. Diski za frijini ziache zipate joto la chumba kabla ya kufungua kopo. Unyevu huziua polepole.

SWALI: Klebsiella imetoa milimita 21 kwa meropenemu. Hatuna mashine ya PCR (ya kupima jeni). Tutajuaje kama ina kimeng'enya cha kuvunja dawa hiyo? (Maabara ya hospitali, Mombasa)

JIBU: Kwa vipimo vya CLSI (taasisi ya viwango vya maabara), 20 hadi 22 ni katikati ya kusikia dawa na kuwa sugu, kwa hiyo mna haki ya kushuku. Fanyeni mCIM, kipimo cha kuona kama bakteria huvunja meropenemu. Chota bakteria kwa lupu ya mikrolita 1, vuruga katika mililita 2 za brothi ya triptiki soya, tumbukiza diski ya meropenemu ya mikrogramu 10 izame yote, na acha saa 4 kwenye nyuzi 35. Itoe, kamulia maji ukutani mwa mrija, iweke juu ya sahani iliyopakwa E. coli ATCC 25922. Soma baada ya saa 18 hadi 24.

Kama kimeng'enya kimekula dawa, E. coli huota hadi karibu na diski: milimita 6 hadi 15 ni chanya, na 16 hadi 18 pia ni chanya ikiwa kuna vikoloni vidogo ndani ya duara. Kuanzia 19 ni hasi. Kosa la kawaida ni kuisahau diski ikiwa imejaa brothi. Matone husambaa na kuharibu umbo la duara. Kipimo hiki hakitaji aina ya kimeng'enya.

SWALI: Kwa nini maabara inakataa kutupa jibu la vankomaisini kwa diski? (Daktari wa zamu, Tanga)

JIBU: Wako sahihi. Kwa Staphylococcus aureus, molekuli hiyo kubwa husambaa vibaya kwenye agari, na diski haitenganishi anayesikia na aliyeanza kuwa sugu. Inahitaji kupimwa kwa brothi yenye viwango vya dawa vinavyopanda. Lakini MRSA yenyewe (S. aureus sugu kwa methisilini) waulize leo: diski ya sefoksitini ya mikrogramu 30, na duara la 21 kushuka chini ni MRSA.